Mwezi wa 13 tangu nipandikizwe nywele: huduma ilikuwaje na nini nakushauri

Nilijiwekea kwamba siandiki chochote mpaka mwaka upite, kwasababu maoni mengi ya hizi kliniki yanaandikwa wiki ya kwanza, mtu bado ana bandeji na furaha imemjaa, na wiki ya kwanza hakuna cha maana unachoweza kujua. Sasa ni mwezi wa 13, nimeshaona yote, acha niseme.

Tatizo langu ni upara wa kurithi. Ulianza pembeni mwa paji nikiwa na miaka 24, kufika 33 utosi nao ukaanza kuwa mwepesi. Kliniki ya kwanza niliyoenda (sio hii ninayoisifia) nilikutana na mtu wa mauzo tu, kaangalia picha mbili kwenye simu akaniambia grafti 4,000 (grafti ni kifundo cha nywele moja mpaka tatu kinachohamishwa na mzizi wake), njoo wiki ijayo. Kichwa hakukigusa. Dawa ninazotumia hakuuliza. Moyo ukakataa nikaondoka, na mpaka leo nashukuru.

Huku kwingine nilikaa na daktari mwenyewe karibu saa nzima. Alichukua kikamera kinachokuza akawa anapita kisogoni kidogo kidogo, anahesabu kila shimo limebeba nywele ngapi, alafu maswali sasa: zilianza lini, zinatoka taratibu au zilinyonyoka ghafla, ngozi inauma au inawasha, umewahi kuumwa homa kali karibuni, damu yako ikoje, ukoo wa baba na wa mama wakoje. Mi nilidhani anapoteza muda. Kumbe hapo ndo kazi yote ilipo, kwasababu kupoteza nywele sio ugonjwa mmoja. Nywele 50 mpaka 100 kuanguka kwa siku ni kawaida kabisa. Zikianza kutoka kwa mafungu miezi miwili mitatu baada ya homa kali, upasuaji au kujifungua, mara nyingi hizo zinarudi zenyewe, mtu wa namna hiyo kumpandikiza ni kumuonea. Mabaka ya duara yaliyokuja ghafla, hiyo kinga ya mwili inashambulia mizizi, inatibiwa kwa njia yake. Alafu kuna aina inayoacha kovu, ngozi inakuwa laini inang'aa na vitundu vya nywele havionekani tena, na hiyo ukipandikiza wakati ugonjwa bado uko hai zilizopandwa nazo zinakufa. Dada zangu mnaosuka kwa kubana mpaka nywele za mbele zinarudi nyuma, nawaomba sana, ukiacha mapema zinaota tena, ukichelewa mzizi unakufa na haurudi.

Upara wa kurithi wenyewe unatokana na homoni inaitwa DHT, mwili unaitengeneza kutoka kwenye testosteroni, na kwa mtu mwenye urithi huo mizizi ya mbele na ya utosini inaionea, kila mzunguko nywele inaota nyembamba zaidi mpaka inakuwa kama malaika. Ya kisogoni na juu ya masikio haisumbuki sana. Daktari Norman Orentreich wa Marekani alionesha kwenye maandishi yake ya 1959 kwamba nywele ya kisogoni ukiihamishia mbele inabaki na tabia ya ilikotoka, yani inaendelea kuota. Upandikizaji wote umesimama hapo. Na ndo maana sentensi moja ya daktari ilinikaa kichwani: hakuna nywele mpya inayotengenezwa, tunahamisha tu, na kisogo ni akiba isiyojazwa tena. Ukitumia 4,000 leo mbele na upara ukaendelea kurudi nyuma, kesho unabaki na kisiwa cha nywele mbele na uwazi nyuma yake, na akiba imeisha.

Basi akanigomea. Akasema kwanza tuzuie zinazoendelea kutoka, finasteridi miligramu 1 kwa siku na minoksidili ya kupaka asilimia 5, rudi baada ya miezi minane. Nilinuna kweli. Leo nasema huo ndo ulikuwa ushauri bora kuliko upasuaji wenyewe. Finasteridi inapunguza hiyo DHT, Marekani waliiruhusu kwa upara wa wanaume 1997. Minoksidili ilianza kama dawa ya presha, wagonjwa wakaonekana wanaota nywele, ikaruhusiwa ya kupaka 1988. Sasa sikiliza, minoksidili wiki za mwanzo inaweza kuangusha nywele zaidi, usiogope ukaacha, zile za zamani zinapisha. Ila ukija kuacha moja kwa moja, ulichopata kinaondoka ndani ya miezi michache, hii ni safari ndefu jamani. Finasteridi nayo kuna wanaume inawapunguzia hamu ya tendo au nguvu, na wengine inawashusha moyo, uambiwe hayo kabla ya kumeza na ukiona dalili rudi kwa daktari, usikae nayo kimya. Mjamzito asishike vidonge vilivyovunjika. Na ukienda kupima damu ya tezi dume waambie unaitumia, maana kipimo cha PSA kinashuka karibu nusu na wanaweza kudhani uko salama kumbe hauko.

Siku yenyewe ya kupandikizwa ilichukua saa nane, grafti 1,850, njia ya FUE, yani wanatoa kifundo kimoja kimoja badala ya kukata ukanda wa ngozi. Sindano za ganzi zinauma, asikudanganye mtu, dakika kumi za mwanzo nilikunja ngumi, baada ya hapo unasikia tu mkwaruzo. Nywele zangu ni za kipilipili, na hapa wenzangu wenye nywele kama zangu muwe makini sana, mzizi wetu umepinda chini ya ngozi kama nywele yenyewe ilivyopinda juu, kwahiyo asiyezoea akizamisha kichuma cha kutobolea moja kwa moja anaukata. Daktari alianza na 20 za majaribio, akaangalia ngapi zimetoka nzima, akabadilisha saizi ya kichuma na pembe ndo akaendelea. Pia aliuliza kama vidonda vyangu huwa vinavimba vikiwa makovu makubwa, akanikagua mpaka mgongoni na kifuani. Mtu asiyekuuliza hilo muogope.

Mchana walinionesha sahani. Vifundo vimepangwa kumi kumi kwenye maji ya chumvi ya baridi, kimoja ni kama kipande cha uzi mweusi chenye kitone cha mafuta mwishoni, kingine nywele mbili zimetoka shimo moja, kingine tatu. Za moja moja waliweka mstari wa mbele kabisa ili usionekane kama umechorwa kwa rula, zenye mbili na tatu nyuma yake. Mstari wenyewe aliuchora juu kuliko nilivyotaka, na pembeni akaacha umeingia ndani kidogo. Nilibishana. Akaniuliza huo mstari wa kijana wa miaka 18 utakaaje kwenye uso wa miaka 60. Nikanyamaza.

Baada ya hapo: siku ya tatu paji lilivimba likashuka mpaka machoni, likaisha lenyewe siku ya sita. Nililala nimeinua kichwa wiki nzima, spreyi ya maji ya chumvi kila baada ya muda mfupi siku za mwanzo, kuosha kwa kumimina tu bila kusugua, vigaga vikatoka vyenyewe kwenye siku ya kumi na kitu. Wiki ya tatu nywele zilizopandwa zikaanza kudondoka karibu zote. Niliambiwa na bado roho iliniuma, nilikaa mbele ya kioo na taulo lina vinywele nikaona nimepoteza kila kitu. Mzizi unabaki, nywele ndo inaondoka. Mwezi wa nne zikachungulia, nyembamba na zimechanganyikiwa, wa sita watu wakaanza kuniangalia mara mbili, kuanzia wa tisa mpaka wa kumi na mbili zikanenepa.

Walichonikwaza ni huduma ya baadae. Mwezi wa tatu nilitoka vipele vyenye usaha juu ya kichwa, nikatuma picha na ujumbe, jibu likaja siku ya nne. Ilikuwa nywele zinazotafuta njia ya kutokea tu, kitambaa cha maji moto kikatosha, lakini siku nne ukiwa na usaha kichwani ni nyingi sana na kliniki inayojali kiasi kile kabla ya upasuaji isingepaswa kulegea baada yake. Pia hakuna aliyeniambia kwamba utosi utakuwa na ganzi hivi, nilikuwa sihisi chanuo kwa karibu miezi miwili.

Ukienda popote muulize nani anatoboa na nani anatoa, daktari au wasaidizi, na kwa siku wanafanya wagonjwa wangapi, na kisogoni utabaki na kiasi gani. Omba picha za mwezi wa 12 za mtu mwenye nywele kama zako, zikiwa zimelowa na mwanga uko juu, sio hizi za nywele zimekaushwa na kupulizwa. Kama unavuta sigara acha kabla, kidonda kinataka damu. Kama una miaka 21 na unanyonyoka kwa kasi, anza na dawa kwanza nakusihi.

Utosi wangu hakuugusa, alisema dawa inaushikilia na akiba aiweke, na kweli picha ya mwanzo na ya juzi ukiziweka pamoja ni ileile. Mbele nimeridhika sana. Kisogo nikinyoa karibu na ngozi kabisa vinaonekana vidoti vidogo vyeupe kila kifundo kilipotoka, kwahiyo kinyozi nimemwambia asishuke chini ya namba mbili.