Risasi za uwindaji wa mbali: uzoefu wangu kutoka banda la kuchunia

Watu wengi wanaosifia risasi za uwindaji wamezipima kwenye karatasi ya shabaha. Mimi nazipima nikiwa na kisu mkononi. Ni mchunaji kwenye kambi ya uwindaji wa kitalii huku Chunya, upande wa kuelekea Rungwa. Kila mnyama anayeletwa bandani namfungua na kufuata njia ya risasi tangu ilipoingia hadi ilipoishia, maana ngozi ya nyara haitakiwi kuongezwa tundu na nyama iliyochafuka haitakiwi kugawiwa kijijini. Risasi nikiikuta ndani naiosha, naipima kwenye mzani mdogo wa dhahabu (Chunya hii, mzani huo haukosekani), kisha naitupia kwenye kopo langu. Mwenye kuvuta kifyatulio anaweza kuwa na maoni yake. Haya ni ya bandani.

Nianze na zile ambazo wageni wanakuja nazo kwa wingi siku hizi: ndefu, zimechongoka, ncha ya plastiki, koti jembamba la shaba na kiini cha madini ya risasi. Zimebuniwa kwa mita 500, 600 na kuendelea. Kwa kulenga ni nzuri, sibishi. Siku mgeni anapofika na kupima bunduki yake kambini, matundu matatu kwenye karatasi yanakaribia kugusana na kila mtu anapiga makofi. Tabu ni porini. Miombo ya huku haikupi mita 500. Mwezi wa saba majani bado hayajaungua yote, miti imebanana, mbung'o wanakung'ata shingoni, na mnyama unamwona akiwa mita 80 au 100, ikizidi sana 150.

Sasa piga hesabu. Raifo ya .300 Winchester Magnum hutoa risasi ya greini 180, yaani gramu 11.7, kwa karibu mita 900 kwa sekunde. Kwenye mita 80 kasi hiyo bado ipo karibu yote. Koti lilifanywa jembamba makusudi, ili lifunguke, yaani litanuke ndani ya mwili, hata kule mbali ambako risasi imeshapoa, kasi imepungua. Likigonga mfupa wa bega kwa kasi ya karibu namna hii, linapasuka hapohapo. Niliwahi kufungua kongoni dume wa hivyo: bega la kushoto lilikuwa uji mtupu, damu imevilia hadi shingoni, vipande vya madini vimetawanyika kwenye nyama umbali wa kiganja na zaidi kutoka kwenye njia ya risasi, na pafu la pili halikuguswa kabisa. Mnyama alipatikana, lakini ilibidi risasi ya pili. Bega lote nilikata nikatupa. Nyama yenye vumbi la madini ya risasi haifai kumpa mtoto wa mtu, hata kama kwa macho inaonekana safi.

Hiyo hiyo ikipita kwenye mbavu bila kugusa mfupa mkubwa, inaua haraka sana. Swala pala aliyesimama ubavu, mapafu yote mawili, huanguka hata hajakimbia. Ndiyo maana wenye nazo wanazipenda, na wana sababu. Ila swala pala ana uzito wa kilo 50 au 60. Pofu dume anaweza kupita kilo 700, na bega lake ni habari nyingine.

Kundi la pili ni za shaba tupu, zisizo na kiini cha madini laini. Ninazokutana nazo zaidi ni Barnes TSX. Ndani ya mwili ncha inafunguka petali nne na shina linaendelea kusukuma mbele. Kwenye mzani wangu zinarudi karibu na uzito ule ule wa kiwandani, hata zilizopita kwenye mfupa. Nyama inayoharibika ni kidogo na ngozi upande wa pili ina tundu dogo la kushonwa kirahisi. Kwa mchunaji, hapa hakuna malalamiko.

Lakini shaba ni ngumu, na inataka kasi ili ifunguke. Nyingi zinaanza kusita zikishuka chini ya mita 600 kwa sekunde hivi, na risasi ya .300 inafika huko baada ya mita 400 au 500. Ikishapoa namna hiyo inaweza kupita mwilini kama msumari, tundu jembamba la kuingilia na jembamba la kutokea, na mnyama akaondoka na damu kidogo mno ya kufuatia. Kwa hiyo mtu anayetaka kupiga mbali kwa shaba anunue zile zilizotengenezwa kufunguka kwa kasi ndogo, au asogee.

Katikati ya hizo mbili ipo Nosler Partition, na mimi nina upendeleo nayo. John Nosler, Mmarekani, aliibuni baada ya safari ya uwindaji ya mwaka 1946 kule Kanada, ambako risasi zake zilishindwa kupenya mnyama mkubwa. Alianza kuiuza mwaka 1948. Ndani yake kuna ukuta wa shaba unaogawa kiini sehemu mbili: ya mbele inalainika na kutawanyika upesi, ya nyuma inabaki nzima na kuendelea na safari. Kwenye mzani inarudi na kama theluthi mbili za uzito wake, na wageni wakiona hivyo wananuna. Mimi sinuni, maana naona njia iliyopita. Ile theluthi iliyopungua ilifanya kazi yake kwenye mapafu. Inafunguka mita 60, inafunguka mita 300, haina maringo.

Hata hivyo, wanyama waliotusumbua kuwatafuta mpaka jua linazama, nilipowafungua, karibu wote sababu ilikuwa mahali risasi ilipoingia. Aina yake ilikuwa jambo dogo. Wageni wengi wanapiga nyuma mno, wanalenga katikati ya mwili kama walivyozoea kwao. Moyo wa wanyama wetu umekaa chini na mbele, katikati ya mabega. Mnyama akisimama ubavu, panda na mguu wa mbele hadi theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini. Hapo ukikosea kidogo juu unapata mapafu, ukikosea kidogo mbele unavunja bega. Ukikosea nyuma unapata utumbo, na mimi nitajua kabla gari halijasimama, kwa harufu.

Nundu ndiyo inawapoteza zaidi. Pofu, nyumbu, hata palahala mwenye manyoya yale ya shingoni, anaonekana mrefu kuliko kifua chake kilivyo. Ndani ya nundu kuna miiba mirefu ya uti wa mgongo na minofu, basi. Mtu anakadiria katikati ya kimo chote, risasi inapita juu ya mapafu, inagonga ile miiba, na mnyama anaanguka kwa kishindo. Watu wanapeana mikono. Wakifika, hayupo, kainuka kaenda zake. Mzee wetu wa kufuata nyayo akiona mnyama kaanguka papo hapo miguu juu, haachi kusema, "Bosi, mwambie mgeni aongeze nyingine." Kuna wanaoona anaharibu sherehe.

Akisimama kimshazari, usihesabu upande unaouona. Fikiria bega la upande wa pili na upeleke risasi huko. Hapa ndipo risasi nzuri inarudisha pesa yake, kwa sababu inabidi ipite mbavu, wakati mwingine na tumbo lililojaa majani, kabla haijafika kwenye mapafu. Zile laini huishia njiani.

Nije kwenye umbali wenyewe, maana ndio unaozungumzwa sana. Chukua .30-06 ya greini 180, raifo ya siku zote, darubini imerekebishwa ili risasi igonge palepale unapolenga kwa mita 200. Ikifika 300 imeshuka kama sentimita 25, ikifika 400 kama 70. Ukikadiria 360 na kumbe ni 400, tayari umekosa kwa zaidi ya sentimita 15. Kipima umbali kinatatua hilo, sawa. Upepo je? Upepo wa kipupwe unaokata mbugani kwa kilomita 16 kwa saa unaisogeza hiyo risasi karibu sentimita 20 kwenye mita 300, wakati eneo la moyo na mapafu ya swala pala lenyewe ni kama sentimita 20. Na mita 400 ni zaidi ya nusu sekunde hewani. Mnyama akipiga hatua moja, risasi ya bega imekuwa ya tumbo, na hakuna kiwanda kinachouza dawa ya hatua.

(Kuna wanaohangaika na mwinuko, kwamba Mafinga au Mbeya hewa ni nyepesi kwa hiyo risasi haishuki sana kama kwao pwani. Ni kweli, lakini kwa mita 300 ni kitu kidogo. Bora uangalie darubini kama haikugongwa kwenye ndege.)

Msimu mmoja pofu dume alisimama mbugani, kama mita 400, upepo wa kutosha. Mgeni alikuwa na bunduki ya kila kitu na alitaka kupiga pale pale. Mzee wa nyayo akasema, "Bosi, tupunguze umbali kwanza." Walitambaa hadi 180, wakaweka fimbo tatu za kuegemezea bunduki. Nilipomfungua, TSX ilikuwa imevunja bega, imepita juu ya moyo na kusimama chini ya ngozi ya upande wa pili. Petali zote nne zipo. Ipo kwenye kopo.

Nyati sitasema mengi. Sheria inataka kaliba isiyopungua .375, na .375 H&H ya mwaka 1912 yenye greini 300 bado inatosha. Ya kwanza iwe ya kufunguka. Ngumu zisizofunguka zina nafasi yake, ila kundi likiwa limebanana itapita huyu na kumgonga wa nyuma.

Kasoro za shaba tupu kwa atakayenunua: bei iko juu, na kwenye maduka ya huku mara nyingi unachukua iliyopo badala ya unayoitaka. Halafu inaacha utando wa shaba ndani ya mtutu haraka kuliko nyingine. Bunduki iliyokuwa inapiga vizuri Jumatatu, ikifika wikiendi bila kusafishwa kwa dawa ya kuondoa shaba, inaanza kutawanya. Mafuta ya kawaida hayaondoi ule utando, njoo na dawa yenyewe.