Madoa meupe: shaba au kupunguza chumvi?

Samaki kangaja katika tangi la maji ya bahari akianza kujisugua kwenye mawe na mapezi yake kuonekana kama yamenyunyiziwa chumvi, huenda ni Cryptocaryon, kimelea cha madoa meupe. Tiba ni shaba au kupunguza chumvi, na njia zote mbili zataka tangi la pembeni, tupu: mawe hunywa shaba, na matumbawe hayavumilii yoyote kati ya hizo.

Shaba huua vimelea vinavyoogelea tu, si vilivyo mwilini, ndiyo maana tiba huchukua wiki 2 hadi 4. Mrututu (salfati ya shaba) wa kawaida hushikiliwa kwenye 0.15–0.20 mg kwa lita; ukishuka hautibu, ukipanda samaki huacha kula. Pima kila siku kwa kipimo kinachoendana na aina ya dawa. Gharama kubwa iko kwenye hicho kipimo, si kwenye dawa.

Chumvi ikishushwa hadi 1.009 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi) haina sumu, na samaki dhaifu huipenda. Kwa lita 60, bakiza takriban lita 22 za maji ya bahari na ujazie maji yasiyo na chumvi wala klorini, kidogo kidogo kwa siku 2. Inahitaji refraktomita (kipima chumvi) sahihi: 1.011 ni kazi bure. pH nayo hushuka, hivyo weka baking soda kwa kipimo. Subiri siku 30 baada ya doa la mwisho, kisha pandisha chumvi kwa wiki nzima.

Vumbi la dhahabu na pumzi za haraka? Huyo ni Amyloodinium, kimelea kingine, tumia shaba. Samaki mlegevu, bila kipimo cha shaba? Punguza chumvi. Kwa joto la Mombasa oksijeni ni haba, na stima ikikatika pampu ya betri ni lazima kwa zote mbili.