TAHADHARI kwa tunaoenda kwa washauri wa akili huku Marekani: hesabuni dakika zenu

Jamani ndugu zangu, hasa mlioko Columbus na miji ya karibu, naomba msome hii mpaka mwisho. Juzi kanisani wadada wawili wameniambia wanapitia kitu kilekile kilichonikuta, na wote walikuwa wanalipa kimyakimya wakidhani ndo utaratibu wa huku.

Mimi nilianza ushauri mwaka jana baada ya kufiwa na mama nikashindwa kwenda kumzika, usingizi ukakata kabisa, na kazi yangu ni ghalani shifti ya usiku. Sio kulazwa, unaongea na mshauri unaendelea na mambo yako. Yule mama mshauri simsemi vibaya, alinisaidia sana. Shida ni ofisi yao ya bili. Tulikuwa tunaongea kwa video nikiwa kwenye gari nje ya shule namsubiri mwanangu, tunaanza saa tisa na dakika chache, kengele ikilia saa tisa na nusu nakata. Kwa hiyo dakika zangu nazijua, hakuna siku tulifika hata 35.

Bima ya kazini ikawa inaleta zile barua wanaita EOB, yaani maelezo ya kile kliniki ilichoidai bima, juu zimeandikwa kwamba hii sio bili, basi nami nikawa nazitupia kwenye droo. Mpaka kliniki iliponidai dola 910 ndo nikazitoa zote nikazitandaza mezani. Vipindi saba, kila kimoja namba 90837. Nikampigia binti wa mjomba anayefanya kazi ya bili hospitali nyingine, akaniambia dada hiyo namba ni ya maongezi ya dakika 53 kwenda juu, ya kwako ni 90832, dakika 16 mpaka 37, na katikati kuna 90834 ambayo ni 38 mpaka 52. Yaani kila nikikaa nusu saa wanaandika saa nzima!

Halafu mimi nilihudhuria mara tano tu. Siku mbili niliahirisha, moja mwanangu alikuwa emajensi, na meseji ya kuahirisha ninayo mpaka leo. Kukosa miadi kliniki inaweza kukutoza faini yake kama ulisaini hivyo, sawa, ila kuiambia bima kwamba ulitibiwa siku ambayo hukutibiwa huo ni wizi. Na usiseme ni hela ya bima hainihusu, maana kama hujamaliza ile hela ya mwanzo wa mwaka ambayo unalipa mwenyewe kabla bima haijaanza kuchangia, kila dakika ya uongo inatoka mfukoni mwako.

Nikapiga simu kliniki, wakaniambia ni mfumo ndo unaandika hivyo. Nikaomba kumbukumbu zangu, wakasema maandishi ya mshauri ni siri. HAPA NDIPO WANAPOTUSHIKIA. Ni kweli sheria ya HIPAA, ile ya siri za matibabu, inalinda yale maandishi binafsi ya mshauri anayoyaweka pembeni, lakini saa ya kuanza na saa ya kumaliza kipindi hazimo kwenye siri hiyo, ni haki yako kupewa, na wana siku 30 za kukujibu. Nikaandika barua, nikaipeleka kwa mkono. Walipozitoa, karatasi zao wenyewe zinaonyesha dakika 26, 24, 28, na zile siku mbili hakuna kitu kabisa.

Bima nilipiga namba iliyo nyuma ya kadi, nikaomba mkalimani wa Kiswahili (ni bure, usiogope kuomba, na usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo kama haya), nikasema nataka kitengo cha udanganyifu. Ilichukua kama miezi miwili lakini deni lilishuka mpaka dola 325.

Wenye Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, nyie ndo muwe macho zaidi, kwa sababu hamuoni bili kubwa ikija nyumbani. Mtu akikufuata na gari, anakuahidi chumba au kadi ya zawadi ukisaini tu karatasi ya mahudhurio ya kikundi cha ushauri, usisaini. Jimbo la Arizona mwaka 2023 walisimamisha malipo kwa watoa huduma zaidi ya 100 kwa tuhuma za kuidai serikali matibabu ambayo hayakutolewa, na walioumia zaidi ni watu wa makabila ya asili ya Marekani, walichukuliwa makwao wakaahidiwa matibabu, wengine wakaishia barabarani bila pa kulala. Wenye Medicaid na Medicare (bima ya serikali ya wazee na walemavu) mnaweza kuripoti kwa namba ya serikali 1-800-447-8477.

Wasio na bima, tangu Januari 2022 lazima upewe makadirio ya gharama kwa maandishi ukipanga miadi mapema au ukiyaomba. Bili ikizidi makadirio kwa dola 400 au zaidi una siku 120 za kuipinga.

Ila nawaomba msiache matibabu kwa sababu ya hawa. Mimi nimehamia kwingine, nalala vizuri sasa, na kila kipindi kikiisha naandika dakika kwenye kalenda ya jikoni. Kama una barua huielewi, funika jina na namba zako, piga picha unitumie inbox, nikitoka kazini asubuhi tutaisoma pamoja.