Rezista ya mwanga au fototransista kwa kifaa cha kusomea kwa kidole?

Kifaa hiki humwezesha asiyeona kuhisi kwa kidole herufi zilizo kwenye karatasi, na zote mbili ni vitambuzi vya mwanga: rezista ya mwanga hupunguza ukinzani wake wa umeme mwanga ukizidi, fototransista hupitisha umeme zaidi. Kasi ndiyo inayozitenganisha. Ukisogeza kichwa cha kusomea milimita 50 kwa sekunde, mstari mmoja unaounda herufi, wenye upana wa milimita 0.5, hupita kwa milisekunde 10. Rezista ya mwanga huhitaji makumi ya milisekunde kubadilika, hasa inapoingia gizani, hivyo kidole huhisi ukungu badala ya herufi. Fototransista hujibu kwa mikrosekunde; Optacon, kifaa cha zamani cha kusomea kwa kidole, ilikuwa nazo 144, safu 24 kwa 6.

Ila fototransista nyingi huona zaidi infraredi, mwanga ambao jicho halioni. Chini ya taa ya infraredi, wino wa kalamu ya bluu huweza kutoweka kabisa. Weka LED (taa ndogo) ya kijani. Fototransista pia ikigeuzwa miguu, haisomi ipasavyo. Rezista ya mwanga haina upande, huona rangi karibu kama jicho, na huridhika na rezista moja ya kawaida ya kilo-omu 10 iliyounganishwa nayo.

Bei? Zote rahisi. Matunzo ni kufuta vumbi la karatasi, ingawa rezista za mwanga hutofautiana sana, kila moja irekebishwe peke yake.

Kutambua tu kama taa imewaka au dirisha liko wapi: rezista ya mwanga. Maandishi yaliyochapwa: fototransista. Mwandiko wa rangi usomwao polepole mno, jaribu zote.