The Hating Game: meza mbili, cheo kimoja, na mapendo yanayoanza kwa ubishi

Jambo yenu, bandugu, karibuni. Leo mezani kuna The Hating Game ya Sally Thorne, mwandishi wa Australia. Riwaya ilitoka mwaka 2016, na imetafsiriwa kwa lugha nyingi, Kifaransa kikiwemo. Kwa hiyo wewe wa hapa Lubumbashi, uliye komini ya Kenya, Katuba au Kampemba, ambaye Kiingereza kinakuchosha baada ya kurasa kumi, huna kisingizio.

Wenye haraka, hukumu ni hii: nusu ya kwanza ni kazi safi kabisa, nusu ya pili inalegea. Kwa nyota tano naipa tatu na nusu. Wengine mbakie, tuone hiyo moja na nusu imepotelea wapi.

Kisa kiko hivi. Nyumba mbili za kuchapisha vitabu, Gamin na Bexley, zimeunganishwa ili zisife. Wakurugenzi wawili wamebaki juu, kila mtu na msaidizi wake. Lucy Hutton ni msaidizi wa Helene Pascal, Joshua Templeman ni wa bwana Bexley. Wasaidizi hao wanakaa chumba kimoja, meza zikitazamana, na chumba chenyewe kimejaa vitu vinavyong'aa: ukuta, sakafu, kila upande unaakisi. Ukiinamia karatasi, unamwona. Ukigeuka ukutani, unamwona. Waandishi wengi wa riwaya za mapendo ya kazini wanaandika "ofisi" kisha wanasahau kuweka viti. Thorne anaanzia kwenye viti. Watu wawili wasiopatana wamenyimwa pa kutazama, basi inabidi watazamane, na hapo hadithi inajiendesha.

Wana michezo yao. Kuna wa kukodoleana macho mpaka mmoja ashindwe. Kuna wa kuigana, huyu akishika kidevu, yule naye anashika kidevu. Kuna wa kushtakiana kwenye ofisi ya wafanyakazi, ile sisi huku tunaiita DRH. Soma kurasa hizo polepole, kwa sababu Lucy anatuambia anamchukia huku akitupa habari ambazo mtu mwenye chuki hana muda wa kuzikusanya. Chukua mashati. Joshua anavaa mashati kwa zamu isiyobadilika, rangi baada ya rangi, na Lucy anajua mpangilio wote kwa kichwa. Anajua hata lipi linafuata kesho. Sasa niambieni, ni adui gani anakariri mashati ya adui yake?

Halafu kuna ajenda. Joshua ana kitabu cha tarehe na penseli, na kila siku anaweka alama ndogo ndani yake. Lucy anaamini ni orodha ya makosa yake ya kupeleka DRH, hadi anatafuta njia ya kukipiga picha. Sitasema kila alama maana yake nini, ila baadaye inatokea kwamba hata siku za gauni na siku za sketi zimeandikwa. Hapa wasomaji wanagawanyika. Wako wanaoyeyuka, wako wanaosema huyu mwanaume anatisha. Mimi naona jambo moja linaloiokoa riwaya: Lucy naye anafanya vilevile, tofauti ni kwamba daftari lake liko kichwani. Kama mmoja tu ndiye angekuwa anahesabu, ungekuwa upelelezi. Wote wawili wanahesabu, na wewe msomaji umeambiwa hivyo tangu kurasa za mwanzo. Ila tuelewane: mtu akikufanyia hivyo kwenye ofisi yako ya hapa mjini, usingoje sura ya mwisho ndipo ujue nia yake.

Hapo ndipo nataka nikae kidogo, maana ndipo riwaya hii inapozishinda nyingi za aina yake. Lucy na Joshua wana cheo kimoja. Hakuna anayetia sahihi likizo ya mwenzake, hakuna anayeweza kumfukuza mwenzake. Toa hilo, mweke Joshua kuwa patroni wa Lucy, kisha rudia matukio yaleyale, maneno yaleyale. Kila mzaha unageuka shinikizo. Sheria yetu nayo inaangalia huko: sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, iliyorekebisha kanuni ya adhabu ya Kongo, inaadhibu usumbufu wa kingono, na kati ya mambo inayoyataja ni mtu kutumia vibaya mamlaka ya kazi yake ili apate anachotaka. Msomaji wa Lubumbashi anayajua mambo ya patroni na stajeri, yule anayejifunza kazi, bila kufundishwa na riwaya. Kwa hiyo ukiona kitabu cha mapendo ya kazini, swali la kwanza liwe hili: nani anaweza kumpotezea nani mkate? Hapa jibu ni hakuna. Basi tunaweza kucheka bila kuona haya.

Mpaka nafasi ya kupanda cheo inapotokea. Kinatafutwa kiti kimoja cha juu, cha kusimamia shughuli zote za kampuni, na wote wawili wanakitaka. Atakayeshinda atakuwa mkubwa wa mwenzake, na wanakubaliana kwamba atakayeshindwa ataacha kazi. Mnaona ufundi? Ule usawa uliokuwa unatufanya tucheke umewekewa tarehe ya kufa. Tangu hapo kila wanaposogeleana, kuna saa inahesabu.

Na kazi yenyewe ipo, angalau kwa muda. Lucy anaandaa mpango wa kuvigeuza vitabu vya zamani vya nyumba hiyo kuwa vya kielektroniki, ili vipate wasomaji wapya. Joshua nguvu yake iko kwenye hesabu, na ana jina baya kwa sababu anahusishwa na watu waliopunguzwa wakati wa kuunganisha kampuni. Lucy mwenyewe alipoteza rafiki, Val, katika kupunguzwa huko. Jeraha hilo ningependa lipewe nafasi zaidi. Mtu kubaki na mshahara wakati rafiki yake anabeba katoni lake kwenda nyumbani, hiyo peke yake ni riwaya nzima, na huku kwetu kila familia iliyokuwa na mtu kazini ingeielewa. Thorne anaigusa, anapita.

Tukio la lifti, kila mtu analizungumzia, nami sitaligusa sana. Joshua anasimamisha lifti na wanabusiana. Ghafla, na limeandikwa vizuri. (Huku lifti ikisimama katikati ya ghorofa, wa kwanza kulaumiwa ni umeme.) Mimi nalipenda zaidi tukio la homa. Kampuni inawapeleka wafanyakazi kucheza vita vya kurushiana rangi, Lucy anaanguka mgonjwa, anatapika, na Joshua anamtunza nyumbani kwa Lucy hadi kaka yake Joshua, ambaye ni daktari, anaitwa. Hakuna taulo lililokunjwa kimahaba pale: kuna jasho, ndoo, na mwanamke anayeona aibu kuonekana hivyo. Kama ulikuwa bado hujakubali kwamba wanapendana, utakubali hapo.

Sasa ubovu. Kuanzia hapa nafichua mambo, asiyetaka aruke.

La kwanza, Danny. Ni mwanaume wa upande wa usanifu, mzuri, mpole, na kazi yake katika hadithi ni kumtia Joshua wivu. Anatoka na Lucy, anamsaidia hata kuandaa ule mpango wake, kisha anawekwa kando kama kiti cha ziada baada ya harusi. Ukiondoa wivu, hana alichobakiza.

La pili, mwili. Lucy ni mfupi, Joshua ni mrefu mwenye misuli, na tunakumbushwa, na tunakumbushwa tena. Mara ya tatu umeelewa. Baada ya hapo ni karatasi inayotumika bure.

La tatu ndilo kubwa. Nusu ya pili inatoka ofisini na kwenda kwenye harusi ya kaka yake Joshua. Huko kuna baba daktari anayemdharau mwanawe kwa kuacha njia ya udaktari, na bibi harusi ambaye zamani alikuwa mpenzi wa Joshua mwenyewe. Ni mambo mazito, na Lucy anapomkabili yule baba, maneno yake yanachoma sawasawa. Lakini zile meza mbili hazipo tena, wala kuta, wala mashati kwa zamu. Wanakuwa wapenzi wawili hotelini kama wapenzi wa riwaya nyingine yoyote. Joto la kurasa za mwanzo lilitoka kwenye kukatazwa. Mlango ukifunguka wote, linapungua.

Na mwisho wa kile cheo? Joshua ameshajitafutia kazi kwenye kampuni nyingine, kwa hiyo njia ya Lucy iko wazi. Wengi wanaona ni sadaka ya mapendo. Mimi nilitaka kumwona Lucy akiingia kwenye chumba cha usaili na mpinzani wake akiwa ndani ya mbio mpaka dakika ya mwisho, halafu ashinde. Riwaya ilituahidi pambano, ikatupa makubaliano. Hiyo ni nyota nzima imeondoka. Nusu nyingine ni ya Danny na misuli.

Kwa anayetaka kusoma, mambo ya vitendo. Hadithi yote inasimuliwa na Lucy, kwa wakati uliopo. Wasiozoea hilo watasumbuka kurasa ishirini hivi kisha watasahau. Mambo ya kitandani yanachelewa sana, yanakuja kule harusini. Kabla ya hapo ni mabusu na mvutano. Anayetafuta hayo sura ya tatu atachoka, na mama anayeuliza kama binti yake wa miaka kumi na mitatu asome, jibu langu ni angoje. Ukisoma kwenye simu, nunua faili la EPUB kuliko PDF: herufi za EPUB zinajipanga kulingana na kioo, hutavuta ukurasa kushoto na kulia, na likishapakuliwa linasomeka bila mega za intaneti, hata umeme ukiwa umekwenda. Zile PDF zinazozunguka WhatsApp, mara nyingi mistari imevurugika, na katika kitabu hiki hilo ni hasara kubwa, kwa sababu utamu uko kwenye majibizano ya haraka. Ukipoteza nani kasema nini, umepoteza kila kitu. Na mwandishi hapati hata franga.

Filamu ipo, ya mwaka 2021, imeongozwa na Peter Hutchings, Lucy Hale na Austin Stowell ndio wahusika wakuu. Imewekwa New York, wakati kitabu hakitaji mji. Lifti ipo, rangi ipo, harusi ipo. Kinachokosekana ni kichwa cha Lucy, yale anayoyaona huku akikana kwamba ameyaona. Kwa hiyo kitabu kwanza. Na kama kuna wa timu ya Danny anayeona nimemwonea, aandike hapa chini, lakini aje na ukurasa mmoja ambapo huyo bwana anafanya jambo kwa faida yake mwenyewe.