Stourhead ni pazuri mno, ila yule dereva alichosema kuhusu mama yangu

Nyota ngapi natoa bado sijui, ngoja niandike kwanza. Mama alikuja kunitembelea huku Uingereza, kipindi kile cha majani kugeuka rangi, nikasema nimpeleke Stourton, kijiji kidogo sana kule Wiltshire, kanisa, hoteli ya zamani, nyumba za kuhesabu, halafu ukishuka kidogo tu unakutana na ziwa na bustani za Stourhead. Nikalipia safari ya siku moja ya basi dogo, kampuni siitaji.

Tumefika tu, dereva anatangaza dakika hamsini, mtu asichelewe. Hamsini! Mwenye magoti mazima anazunguka, sawa, lakini mama magoti yanamsumbua na dereva alimwona anavyoshuka kwenye gari. Halafu pale sio pa kukimbia jamani. Hata ziwa lenyewe halikuwepo, tajiri mmoja wa benki, Henry Hoare, ndio aliziba bonde kwa tuta miaka ya 1750 maji ya mto Stour yakajaa, akapanga mahekalu pembeni ili kila ukikata kona uone jingine ng'ambo ya maji. Hekalu moja, Pantheon, unaliona kwa mbali, miti inalificha, unaingia pangoni, ukitoka hilo hapo. Ukipita mbiombio umeona miti tu.

Mle pangoni kuna sanamu ya binti amelala, maji yanatiririka chini yake, baridi hiyo. Mama akakaa. Nikamwambia huyu bwana Hoare mke wake alifariki 1743, baadaye kijana wake naye akafia Naples, na bado akaendelea kujenga. Mama aliyemzika baba yangu akasema, "Angefanya nini sasa, mwanangu." Tukanyamaza pale, na hapo hapo simu ikaanza, dereva, mko wapi, mko wapi, mara tatu.

Tumechelewa dakika kumi na mbili, nakubali, kosa letu. Lakini yule mtu kasimama mlangoni mwa gari, abiria wote wanasikia, ananiambia mimi kama vile mama hayupo, eti mzee kama huyu unamwacha nyumbani, humleti sehemu za kutembea. Mama Kiingereza anakijua, kafundisha shule miaka mingi. Akamwambia samahani. Yaani mama yangu ndio akaomba msamaha!! Mimi mdomo ukanikauka, sikujibu kitu, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo nyota moja. Hapana, moja ni ya hiyo kampuni, bustani zimenikosea nini, kuna mama mmoja mgeni kabisa alinyanyuka kwenye benchi akampisha mama yangu bila kuombwa, ile picha ya daraja la mawe na kanisa nyuma yake sijaona kitu kama kile, weka tano. Ila nikikumbuka safari ile nikiambiwa tano mkono unagoma, basi sijui, wekeni mnavyotaka. Mkienda msiende na basi la kukimbizana, pandeni treni mpaka Gillingham, ile ya Dorset sio ya Kent, mchukue teksi, mkae mpaka mchoke wenyewe.

Hekalu la Apollo, lile la juu kilimani, hatukulifikia. Mama kila akinipigia ananiuliza ndani yake kuna nini.