Laptopu ya kununua Mombasa baada ya Windows 10: ya kwanza hadi ya mwisho

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na laptopu chungu nzima zisizo na kasoro yoyote zikageuka za kizamani siku hiyo hiyo. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda juu. Mashine ya mwaka 2017 yenye kibodi imara, skrini safi na RAM ya kutosha haipokelewi. Haijashindwa kazi. Kampuni imeamua tu.

Jambo hilo ndilo la kufikiria kabla ya kutoa pesa. Unaponunua laptopu, wenye kuamua itafanya kazi mpaka lini aghalabu ni wenye mfumo endeshi (kama vile Windows). Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa swali moja: ukishalipa, nani mwenye usemi juu ya mashine yako? Bei na kasi nimeviweka nyuma ya hilo. Namwandikia mwanafunzi wa chuo cha TUM pale Tudor, mwalimu, mwenye saiba, dada anayeuza mabuibui kupitia WhatsApp. Mtu wa michezo mizito ya kompyuta atafute mwongozo mwingine. Bei nilizotaja ni za kukadiria. Hupanda na kushuka, na kupatana ni juu yako.

1. Laptopu ya ofisi ya ex-UK (iliyotumika Uingereza), kizazi cha nane, ukaiwekea Linux Mint

Hii ndiyo ninayompendekezea karibu kila anayeniuliza. Linux Mint ni mfumo endeshi wa bure unaowekwa badala ya Windows. Tafuta Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 7490, zote za mwaka 2018. Zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni, zikatumika maofisini miaka michache, kisha zikauzwa kwa mafungu. Kwa kati ya shilingi 25,000 na 35,000 unapata mashine ambayo fundi anaweza kuifungua kwa bisibisi ya kawaida. EliteBook hiyo na T480 zina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo ukianza na GB 8 leo, mwakani unaongeza. T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa kwa mkono: stima ikipotea, unachomoa iliyoisha na kuchomeka nyingine bila kuzima kazi.

Faida ya kutoka Uingereza ni kwamba plagi ya chaja ni ile ile ya pini tatu za mraba tunayotumia Kenya. Kibodi yake utaitambua kwa alama ya pauni juu ya namba 3. Iliyotoka Ujerumani huwa na Z na Y zimebadilishana nafasi. Ya Ufaransa huanza na AZERTY. Kama unaandika bila kutazama vidole, hizo ziache.

Sasa prosesa. Muuzaji akikwambia "hii ni Core i5" bado hajakwambia kitu. Soma namba inayofuata kistari: i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-7300U ni cha saba. Baadhi ya 840 G5 na Latitude 7490 zilitoka kiwandani na kizazi cha saba, kwa hiyo jina la modeli pekee halitoshi. Wala stika ya nje usiitegemee, maana stika hubandikwa. Fungua mipangilio ya mfumo usome mwenyewe.

Kwa nini Linux Mint? Kwa sababu haina mwenye kuizima. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuunda mfumo endeshi huru, mwaka 1983 akidai kwamba mtu ana haki ya kuitumia programu apendavyo, kuichunguza, kuirekebisha na kumpa mwenziwe. Mwaka 1991 Linus Torvalds akatoa kiini cha Linux, na vikiungana viwili hivyo ndipo mifumo kama Debian, Ubuntu na Mint ilipopatikana. Kampuni moja ikichoka, wengine wana msimbo (maandishi ya programu) wote na wanaendelea. Mint 22 itapata masasisho ya usalama hadi 2029, na ikifika hapo unapanda toleo linalofuata bila kulipa wala kuulizwa chipu.

Ndani ya watu wa programu huria kwenyewe kuna ubishi mkali. Wapo wanaosema mashine isiwe na hata mstari mmoja wa msimbo uliofungwa. Tatizo ni kwamba kadi za Wi-Fi za Intel, ambazo zimo kwenye nyingi ya laptopu hizi, zinahitaji programu ndogo iliyofungwa ndipo zifanye kazi. Watu wa Debian walipiga kura mwaka 2022 wakakubali iwemo kwenye kisakinishi chao. Mimi niko upande wao. Mtu wa Bamburi aliyenunua laptopu kisha hawezi kuingia mtandaoni hajapata uhuru wowote. Ameongezewa mzigo, na kesho yake atarudi dukani awekewe Windows ya kuvunja.

Kuna na suala la bando. Windows hupenda kupakua masasisho makubwa yenyewe, na anayetumia hotspot ya simu anajua uchungu wake. Unaweza kuieleza kwamba mtandao wako ni wa kupimwa, lakini lazima ujue pa kubonyeza. Mint, ilivyo tangu mwanzo, hukuonyesha kilichopo na ukubwa wake, kisha ukachagua upakue lini.

Kazi za kila siku hazina shida. eCitizen, iTax, HELB na WhatsApp ya kompyuta zote hufunguka kwenye kivinjari, Firefox au Chrome. Barua na hesabu utazifanya kwa LibreOffice, ambayo hufungua na kuhifadhi faili za Word na Excel na ina kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili. (Kiswahili si mgeni huku: mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ikiwa na menyu za Kiswahili. Kazi ile ilistahili sifa kuliko ilizopata.) Pale panapokwama ni kwenye faili za Excel zenye makro (amri za kujiendesha) nyingi, na hati za Word zilizopangwa kwa vipimo vya milimita. Maandishi ya Calibri yatabadilishwa kuwa Carlito, ambayo upana wa herufi zake ni ule ule, kwa hiyo kurasa nyingi hazitavurugika. CV ukiituma, itume kwa PDF.

2. Kizazi cha sita au cha saba, kwa Linux peke yake

EliteBook 840 G3, ThinkPad T460 au T470, Latitude E7470. Hizi ndizo zilizoachwa nje na Windows 11, na kwa mwanafunzi mwenye bajeti ya chini ya shilingi 23,000 ndizo bora kabisa. Hakikisha ina SSD (diski ya kasi) na GB 8 za RAM. Ikiwa ni GB 4, chagua Mint ya Xfce, ambayo ni nyepesi. Muuzaji akikwambia imeshawekewa Windows 11 na inakwenda vizuri, fahamu kwamba imewekwa kwa kuruka masharti ya Microsoft yenyewe, na kampuni haijaahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupokea masasisho.

3. Mashine ya namba 1, lakini kwa Windows 11

Wapo wanaoihitaji kweli. Mhasibu ambaye ofisi yake inatumia QuickBooks ya kusakinisha, mchoraji wa AutoCAD, mtu wa Photoshop: programu zao hazipo kwenye Linux, na kumlazimisha mtu wa riziki yake abadilike kwa ajili ya msimamo wangu ni dhuluma. Anunue T480 na Windows. Ila leseni iwe halali, na hapa ndipo wengi wanapoumizwa.

Desturi ya maduka mengi ni kufuta kila kitu, kuweka Windows, kisha kuiamilisha kwa programu ya kuvunja leseni pamoja na Office yake. Ili programu hizo zifanye kazi, fundi huzima kinga ya virusi kwanza. Umempa mtu usiyemjua ruhusa kamili ya mashine utakayofungulia benki na iTax, kabla hujaifikisha nyumbani. Bandika amri hii kwenye cmd, dirisha la amri la Windows, ukiwa bado dukani:

slmgr /xpr

Kisanduku kitatokea. Kikionyesha tarehe ya kuisha ndani ya miezi sita ijayo, uamilisho huo ni wa aina ya kampuni kubwa zenye seva zao, unaodumu siku 180. Kwenye laptopu inayouzwa dukani kwa mtu binafsi, maana yake imevunjwa. Kikisema imeamilishwa daima, ni dalili njema ingawa si hakika, kwa kuwa zipo njia nyingine za kuvunja.

Kinachosikitisha ni kwamba haikuhitajika. Laptopu hizi za ofisi kwa kawaida zilitoka kiwandani na leseni ya Windows 10 Pro, na ufunguo wake umehifadhiwa ndani ya ubao mama. Ukisakinisha Windows 11 safi kutoka tovuti ya Microsoft, ikiingia mtandaoni hujiamilisha yenyewe. Mwambie fundi afanye hivyo mbele yako. Akikataa, nenda duka la pili, halitakuwa mbali. Jua pia kwamba Windows 11 Home itakutaka uwe na akaunti ya Microsoft na intaneti wakati wa kuianzisha.

4. MacBook Air ya M1

Ina chipu ya Apple yenyewe, M1, badala ya Intel. Ilitoka Novemba 2020, haina feni, betri yake hukaa kutwa nzima, na kwa anayehariri video ni mashine tamu. Iliyotumika huanzia kama shilingi 65,000. Naiweka ya nne kwa sababu RAM na hifadhi havibadilishwi: ukinunua GB 8, utakufa nazo. Mradi wa Asahi umeileta Linux kwenye M1, jambo la kupongezwa sana, lakini Apple ikiiacha huna njia nyepesi kama ulizonazo kwenye ThinkPad.

MacBook ya Intel usinunue. Apple imeshasema macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa Intel, na hata hiyo haikubali MacBook Air yoyote ya Intel. Nyingi za kati ya 2015 na 2019 zina pia ile kibodi nyembamba iliyosumbua dunia nzima. Na MacBook yoyote, mwenye nayo ajitoe kwenye iCloud yake mbele ya macho yako. Kufuli ya iCloud fundi wa mtaani haifungui.

5. Mpya ya bei nafuu, Celeron na GB 4

Inang'aa, ina boksi na dhamana ya mwaka. Hifadhi yake huwa GB 64 za eMMC, hifadhi ya polepole iliyochomelewa kwenye ubao, na Windows ikishasasishwa mara kadhaa nafasi imekwisha. Kwa pesa hizo hizo unapata namba 1. Sina zaidi la kusema.

6. Chromebook ya shilingi elfu kumi

Wazazi wengi huvutiwa nazo, kwa hiyo nasema wazi. Chromebook zinazouzwa hapa kwa bei hiyo nyingi zilikuwa za shule za Marekani. Kila Chromebook ina tarehe ya mwisho ya masasisho iliyopangwa na Google. Mwaka 2023 Google iliahidi miaka 10, lakini ahadi hiyo inazifaa hasa zilizotoka kuanzia 2021. Za shule zilizochakaa ni za zamani zaidi, na nyingi tarehe yake imeshapita. Fungua mipangilio, ingia Kuhusu ChromeOS, kisha maelezo ya ziada, uisome. Ikiwa imepita, kivinjari kitaanza kukataliwa na tovuti za benki, na kuiwekea Linux kwa kawaida kunahitaji kufungua mashine na kuandika upya programu ya ubao wake, kazi isiyomfaa mnunuzi wa kawaida. Na ikiwaka ikasema inasimamiwa na shule fulani, irudishe kwenye rafu.

Ukiwa dukani

Beba flashi ya GB 8 uliyoiwekea Mint. Chomeka, washa, bonyeza F12 kwa Lenovo na Dell au F9 kwa HP, na mfumo utafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapo utajua kila kitu kwa dakika kumi: Wi-Fi, sauti, kamera, kila kitufe cha kibodi. Ikiuliza neno la siri la BIOS (programu inayoiwasha mashine) ambalo muuzaji hana, usiinunue hata akikupunguzia nusu.

Kwa betri, kwenye Windows andika powercfg /batteryreport, ufungue faili inayotoka, ulinganishe uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Iliyobakiwa na chini ya asilimia 60 iwe sababu ya kupunguziwa bei.

Halafu igeuze. Hewa yetu ina chumvi, na laptopu iliyokaa Nyali au Diani karibu na maji huonyesha. Tazama skrubu za chini na vipande vya chuma ndani ya tundu za USB kwa tochi ya simu. Ukiona kutu au ukijani, ubao wa ndani nao huenda umeshaguswa, na ubovu wake utakuja vipande vipande: leo tundu moja, mwezi ujao chaji.

Risiti iandikwe namba ya mashine, muda wa dhamana, na kama imeuzwa na leseni ya Windows au bila. Maduka mengine hukataa dhamana ukibadilisha mfumo. Uliza kabla ya kulipa kama kuweka Linux kutaivunja, na jibu liandikwe kwenye risiti hiyo hiyo.